Jaribio la Saa Tatu

Mstari mwekundu ulipowaka kwenye kioo cha kompyuta, Irmeli alishusha pumzi aliyoibana wiki nzima. Uliandikwa hivi: "Hilja Kokkarinen. Ujumbe umekatika."

Hilja alikuwa mama yake mzazi.

Pale Kajaani, mji wa kaskazini mwa Finland, wazee wanaoishi peke yao huvaa bangili yenye kitufe. Mzee akibonyeza, ujumbe hupita malango kadhaa, yaani programu ndogo za kuukagua, ndani ya seva ndipo umfikie muuguzi wa zamu. Mwezi uliopita ujumbe wa mzee mmoja ulifika nusu. Lango la mwisho likaumeza, likaandika "Salama". Mzee yule alilala sakafuni siku mbili, akazikwa Jumamosi.

Lango lile aliliandika Irmeli. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni.

Akaliandika upya: kosa lolote lisimezwe, lipigiwe kelele. Akapatana na mwenzake wa kazi, Aukusti, kwamba saa tatu kamili asubuhi, akiwa ofisini ng'ambo ya mto, atatuma ujumbe uliokatwa makusudi. Irmeli angeungoja kwenye chumba cha wauguzi, aone kwa macho yake.

Ilitakiwa namba ya bangili ya kweli. Mama yake akacheka.

"Tumieni yangu. Niueni humo kwenye mashine yenu hata mara kumi, mradi Jumapili uje kula."

Na jana jioni Irmeli alimwonya Aukusti, "Gari ulichomeke kwenye umeme usiku, injini isigande. Baridi hii inakula chuma."

"Bi mkubwa, utanifundisha baridi mimi?"

"Wewe? Kila mwaka unakuja kuomba kusukumwa!"

Sasa ilikuwa saa tatu na dakika moja, na kengele ililia chumba kizima. Pirjo, muuguzi wa zamu, alikuwa ameshavaa mkono mmoja wa koti.

"Ni mama yako huyu. Niende, au nimalize kahawa?"

"Kaa, Pirjo. Ndilo jaribio lenyewe."

"Hata simu nisimpigie?"

"Utapiga bure. Saa hizi yuko nje anazoa theluji ngazini, hapokei hata simu ya askofu."

Pirjo akavua koti. Akabonyeza "Jaribio", mstari mwekundu ukafutika, kengele ikanyamaza.

"Basi limekubali lango lako," alisema. "Lina sauti kama mama mkwe wangu."

Irmeli alicheka hadi machozi yakamtoka. Akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu kimyakimya, kisha akachukua andazi la iliki kwenye sahani ya Pirjo. Alilimaliza lote. Akachukua la pili. Nje ya dirisha jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya mto ulioganda, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi yale aliliona kuwa zuri.

Saa tatu na dakika ishirini simu yake ikaita. Alikuwa Aukusti, anahema kama aliyepanda mlima.

"Haya, nicheke tu, bi mkubwa. Gari limegoma, nimekuja kwa miguu mpaka masikio yamekufa ganzi. Ndiyo kwanza nawasha kompyuta. Ule ujumbe niutume sasa?"