Filamu Isiyo na Sauti

Emmett Hruska alikuwa ameshashuka ngazi za barazani, koti limefungwa vifungo mpaka kooni, mkewe Arlene alipomkimbilia na kalamu.

"Utampimaje mtu bila kalamu?" akamwambia. "Haya, nenda. Kocha anakungoja."

Kocha alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, theluji inayeyuka juu ya boneti. Pande la mtu, mabega yamejaa dirishani. Alimfungulia Emmett mlango, wakaondoka, wakapita chini ya kiwanda cha chuma ambacho siku hizi hakitoi hata moshi wa sigara.

"Tuna nani leo?" Emmett akauliza.

"Yule yule chipukizi. Namba kumi na moja."

Emmett akaguna. Katika futiboli ya Kimarekani mrushaji, kama huyo chipukizi, ndiye anayepokea mpira na kuamua, kufumba na kufumbua, aurushe kwa nani. Mtu wa namna hiyo humpimi kwa sifa za magazeti. Unampima kwenye filamu, mrusho mmoja mmoja, unapeleka mbele, unarudisha nyuma. Timu inacheza tena Jumapili, na kocha alikuwa hajaamua kama kijana arudi uwanjani au akae benchi. Alitaka neno la Emmett.

Chumba cha filamu kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Shuka jeupe ukutani, projekta mezani, na sahani ya pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani, zilizopoa.

"Nunua filamu mpya, bwana," Emmett akasema picha zilipoanza kutembea. "Hii ina mikwaruzo kama uso wa paka dume."

"Mwenye timu bahili."

"Nimjuaye mimi ni bahili hata wa salamu."

Filamu za kupimia hazina sauti. Wanaume wakubwa wanagongana, wanaanguka, wanainuka, na husikii ila projekta ikitafuna. Emmett alikuwa ameegemea mbele, mkono wa kulia umelala gotini, vidole vinajikunja na kukunjuka.

"Huo vema. Ona miguu yake ilivyotulia." Akaweka alama. "Huu kosa. Amemkodolea macho mpokeaji mmoja tangu mwanzo, hata bibi yangu angejua mpira unakwenda wapi. Na huu... mkono anao huyu mtoto. Subira ndiyo hana."

Wakafika robo ya tatu. Mkono wa kocha ukaenda kwenye swichi.

"Tunaweza kuishia hapa," akasema.

"Peleka."

Kijana akarudi nyuma na mpira, akatafuta wa kumpa. Beki mmoja wa wapinzani akapenya upande wa kushoto bila kuguswa na mtu, akamfikia mgongoni. Helmeti ikapiga ardhi, ikadunda, ikapiga tena.

Kocha akarudisha filamu haraka. Watu wakabanduka, kijana akanyanyuka kutoka kwenye udongo bila kujisukuma, akasimama na mpira mkononi, mzima. Emmett alipenda kumwona hivyo. Kila mara hapo moyo ulimtulia kidogo, kisha filamu ikamlaza kijana chini tena.

"Sabini na nne," kocha akasema. "Mlinzi wa kushoto, wa kumkinga kijana. Alisinzia, sivyo? Kila mtu alisema alisinzia."

"Kila mtu hajui kutazama filamu. Simamisha. Sabini na nne ameinama, kiganja chini, macho chini. Beki huyo hawezi kumwona. Wa kumwona ni kijana, na alimwona. Angalia helmeti inavyogeuka. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele, 'Kushoto!' Neno moja tu. Hakulisema."

"Haina sauti hii, Emmett. Labda alisema, mlinzi hakusikia."

"Hakusema. Rudisha walipokuwa kwenye duara, wakipangana." Emmett akainuka, akagusa shuka kwa kalamu. "Ona mabega ya sabini na nne. Anacheka. Kijana sauti imempasuka akitoa maelekezo, na huyu bwana kamwambia, 'Ukilia tena hivyo nitakuletea chupa ya maziwa.' Duara zima likaangua kicheko. Basi mtoto akaona heri afunge mdomo."

Kocha hakumwuliza amejuaje. Alifunika uso kwa mikono yake mikubwa, taa ya projekta ikimpiga nusu ya kichwa.

"Kwa hiyo kosa la nani?" akauliza mwishowe.

"La kijana. Utani ni utani, kocha. Umemwona mtu anakuja, unapiga kelele hata kama wanakucheka." Akachora kosa, akalikoleza mpaka karatasi ikatoboka. "Mkalishe. Ukimpeleka Jumapili, watamwua."

"Atakaa. Nakuahidi."

"Na hapo chini... aliinuka?"

"Aliinuka," kocha akasema, akazima projekta kabla machela haijaingia uwanjani.

Uwanja ule ulibomolewa, timu ikahamia mji mwingine. Beki aliyepenya alikuja kuwa mchungaji huko Indiana. Kila Krismasi hutuma kadi, na Arlene huitia jikoni kwenye moto bila kuifungua. Dutch Pavlik, aliyevaa namba sabini na nne, ameuza duka la matairi, lakini chumba cha nyuma hakukiuza. Kila Jumanne huja na gari, na akiitwa kocha huitika. Namba kumi na moja hakucheza tena baada ya siku ile. Arlene humfunga vifungo vya koti mpaka kooni, kisha humkimbilia na kalamu.