Keremkerema Akiruka

"Shemeji, yaani lenzi ya kaka umeibadilisha kwa hiki kidude?" mdogo wa marehemu mumewe alimuuliza Hafsa, kando ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi. "Kitamnasa nani?"

Hafsa alikaza lenzi ndogo kwenye kamera. Lenzi ya mumewe ilikuwa nzito. Miezi minne mikono ya Hafsa ilitetemeka nayo, na kila picha ya ndege ilitoka ukungu mtupu. Hii ilitulia mkononi kama kikombe cha chai.

Keremkerema akachomoka. Mumewe alimpiga picha ndege huyo akiwa ametua tu. Akiruka, hakuwahi kumpata. Hafsa akainua kamera, akabana pumzi, akabonyeza.

Kwenye kioo cha kamera mabawa yalikuwa wazi, nyuki mdomoni, hata miguu ya nyuki ilihesabika.

"Lete nione, shemeji!"

"Ngoja," alisema Hafsa, kamera tayari usoni. "Mwenzake huyu hapa."