Mtu wa Tano

Saa nne Saumu angeingia kwenye mtihani wa Kifaransa, na kichwa chake kilikuwa nusu bado. Mama alimbana magotini akimsuka nywele mtindo wa twende kilioni, naye akikariri jinsi Wafaransa wanavyosema "nilikuwa nimezungumza", kwa nafsi zote sita.

"J'avais parlé, tu avais parlé, il avait parlé, nous avions parlé..."

Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Machozi yakamlenga.

"Mama, mimi nafeli leo."

"Tuliza shingo. Mtu wa tano umemsahau."

"Mtu gani tena?"

"Vous aviez parlé," mama akasema taratibu, kama anayeonja sukari ya wageni.

Saumu aligeuka, kitana kikining'inia nyweleni. Mama hakuwahi kukalia dawati.

"Nani kakufundisha?"

"Mwaka mzima unanipigia kelele jikoni, ulidhani masikio nimeyaazima? Geuka huko, utachelewa!"

Saumu akageuka, akaanza kitenzi cha kuimba.

"J'avais chanté, tu avais chanté..."

Lililofuata alilijua vizuri kabisa. Akamwachia mama alitaje, akangoja. Juu ya kichwa chake, vidole vya mama vilisimama.