Kofia Yenye Jina

Mtoto alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa kwa mafuta, na wageni walisubiri apewe jina ndipo pilau ipakuliwe. Kutoa jina ni haki ya shangazi. Shangazi mwenyewe, Kezia, alilileta likiwa tayari limetariziwa kwa uzi mwekundu kwenye kofia ya sufu: OBEDIENT.

“Maana yake mtiifu,” aliwaeleza wazee huku akimvisha mtoto. “Jina la Kizungu, halafu linamfundisha adabu mapema.”

Vigelegele vikapigwa. Vilipoisha, mama wa mtoto akamgeukia Kezia.

“Wifi, mimi baba yangu aliniita Patience. Subira. Unajua nimesubiri nini katika nyumba hii?”

“Usianze. Kuna wageni.”

“Waache wasikie! Jino hili la mbele alilivunja kaka yako. Nilipolia, mama yenu akaniambia jina langu lenyewe ni subira, basi nisubiri. Sasa na huyu mnamfunga mdomo kabla hata hajaota meno?”

Mumewe akainuka. “Patience, kaa chini.”

Hakukaa. Alimvua mtoto kofia, akaipeleka mdomoni, akakikata kifundo cha uzi kwa lile jino lililovunjika. Kisha akavuta. Herufi zikaanza kufumuka mbele ya watu wote.

“Haya, utamwita nani?” mama mkwe akafoka.

Patience aliendelea kuvuta. Uzi mwekundu ulimwangukia mtoto kifuani, naye akaukamata, akaukazia ngumi.