Kifua cha Sava

Asubuhi ya kupimwa, Pamfil alimwita mwanawe mkubwa kwa jina la mdogo, na mkubwa akaitika. Akamvizia akifunga viatu, akamwita tena, "Danil." Sava akajibu bila kuinua kichwa, "Naam, baba." Pamfil akaridhika, akampa kitambulisho cha mdogo wake.

Danil mwenyewe alikuwa dirishani akila mkate na jibini ya kondoo. Ametimiza miaka kumi na minane, na sheria ya Moldova inamtaka jeshini. Kwenda hakukataa. Ila hakuweza kupimwa yeye, kwa sababu daktari wa kamati ya kuandikisha askari alikwisha kuiona sura yake.

Mwaka uliotangulia, wito wa jeshi ulimkuta Sava yuko Italia akichuma matufaha. Asiyetokea kupimwa husakwa na polisi, na mpakani hapiti. Pichani ndugu hawa wamefanana kama shilingi kwa ya pili, basi Pamfil akamtuma Danil na kitambulisho cha kaka yake. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, akampa Nichifor, bawabu wa kamati, paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na dumu la divai, amfikishie mama daktari.

Jioni Danil akarudi na habari: Sava amesamehewa jeshi, ana moyo mbovu. Pamfil alicheka mpaka akajifuta machozi. Sava, anayebeba kreti tatu kwa mpigo! Daktari aliandika hata barua ya kwenda hospitali ya moyo, na Pamfil akaisifu kazi hiyo kabla ya kuwashia jiko barua yenyewe.

Sasa Sava alikuwa nyumbani, na zamu ya kumsimamia mwenzake ilikuwa yake. Agafia, mama yao, alitaka paja la pili lipelekwe, Danil naye asamehewe. Pamfil akakataa katakata.

"Nyumba moja, mioyo miwili mibovu? Watatuuliza tunakula nini."

Tena alimwona Danil mvivu. Hapandi kilima cha mizabibu bila kuketi njiani, mkono kifuani. Mavuno yote midomo yake ilikuwa ya zambarau, na baba akamtania kwamba wenzake wanachuma zabibu, yeye anazimaliza. Jeshi lingemnyoosha.

Sava akapimwa kwa jina la Danil, akapita. Daktari alimpiga kofi la mgongo akasema huyu ni fahali. Langoni Nichifor alimuuliza Pamfil kama mwaka huu hakuna nyama, maana mama daktari aliisifu sana ile ya kwanza.

Danil akaenda jeshini.

Siku ya kiapo wazazi walialikwa kambini. Theluji ilikuwa imeanza. Baada ya kiapo, vijana waliruhusiwa kuwasalimu wazazi wao kidogo, kabla ya kuwaonyesha mbio za kuzunguka uwanja na mizigo mgongoni. Danil alikuwa amekonda. Agafia alimfungulia andazi la jibini, hakulimaliza.

"Baba," alisema, "usiku nasikia kama mtu anagonga humu ndani." Akajishika kifuani. "Niwaambie?"

Pamfil akaangaza nyuma yake. "Uwaambie nini? Wakiuliza nani alipimwa, utajibuje? Mtafungwa wawili, wewe na kaka yako. Kila aliyevaa buti huchoka, mwanangu. Vumilia."

Danil akatabasamu, akarudi kwenye mstari. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Pamfil aliiona, na hofu ikampita mwilini, maana zabibu zilikwisha zamani. Akajiambia ni baridi.

Kwenye safu ya wageni alikuwapo mama daktari wa kamati, ambaye wilaya nzima inamjua. Pamfil hakuwa amepata nafasi ya kumshukuru. Akajisogeza, akavua kofia, akajitambulisha kwa sauti ya chini kuwa ni baba yake Sava, aliyesamehewa mwaka jana.

Mama daktari akamshika mkono.

"Sava wa ule moyo? Nimemngoja mwaka mzima. Mbona hamkumpeleka nilikowaandikia? Yule kijana asikimbie hata kufuata basi, mzee wangu. Nimesikiliza vifua vingi, kile sijakisahau."

Pamfil akamkonyeza. "Mama daktari, hapa tuko wawili tu. Lile paja la nguruwe ulilipenda?"

Mama daktari akamtazama, asimwelewe.

"Paja gani?"

Uwanjani filimbi ikalia, na vijana wakaanza kukimbia.