Bluu ya Kigoma

Haya, sikieni hili! Zama hizo salamu za watu zilipita ardhini kwa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya hata mwamba, na kila nyumba ilikuwa na taa ya kuzipokea ukutani. Nyutrino haitulii, hugeuka njiani kama kinyonga: inaanza bluu, ikienda inakuwa nyekundu, ikienda mbali zaidi inarudi bluu. Kwa rangi tu ulijua mtu wako yuko umbali gani.

Mhina alimuaga mkewe Tukae kwamba anakwenda Kigoma kikazi. Asubuhi salamu yake ikaingia, taa ikawaka bluu.

"Si unaona?" akacheka Zamaradi, dada yake Mhina. "Tulia, wifi. Bluu ni Kigoma."

"Bluu ni Kigoma, na bluu ni hapo kwa Saumu!" Tukae akanyoosha kidole dirishani, kwa jirani asiyechoka kumletea Mhina vitumbua. "Chuoni sikwenda kuuza sura, wifi. Ngoja nimpime."

Akamtumia Mhina salamu apande treni arudi leo leo. Akija kweli, taa lazima ipitie nyekundu.

"Nimeshapanda, mke wangu." Bluu.

Mchana: "Tumeipita Tabora." Bluu ile ile.

Zamaradi akaacha kucheka.

Jioni Tukae akachungulia nje. Mtaa mzima ulikuwa umewasha taa za salamu kungoja watu wao walio mbali, isipokuwa nyumba ya Saumu. Mwenye mtu wake ndani, taa ya nini?