Picha ya Kuweka Juu ya Jeneza

Binti yangu alitaka picha ya baba yake ya kuweka juu ya jeneza. Nikafungua makasha yote kumi na moja ya picha zangu. Miaka arobaini nimepiga picha za milima, mabonde na ukungu, na mume wangu ndiye aliyenibebea kamera.

"Hata moja, Mama?"

"Nilikuwa namwambia asogee pembeni."

Sikulia. Vidole vyangu vilikuwa vikavu kwa vumbi la karatasi.

Chini kabisa nikakuta picha niliyoikataa zamani kwa kuwa iliharibika. Kivuli cha mume wangu kilikuwa kimeingia, kimelala kwenye nyasi, kofia kichwani, mkono mmoja kiunoni.

"Mama, hiki ni kivuli tu."

"Nitafutie fremu," nikamwambia.